Pampu ya kuzungusha maji moto kwenye nyumba ya hita ya sola: tathmini ya Grundfos COMFORT

Nyumba nyingi za Nairobi, Nakuru, Arusha na Mbeya zimejengwa hivi: hita ya sola iko juu ya paa upande mmoja, bafu la chumba kikuu liko upande wa pili, na kati yake kuna mita 20 au zaidi za bomba la plastiki la PPR. Asubuhi ukifungua shawa, kinachotoka kwanza ni maji yaliyolala bombani usiku kucha. Yanaenda moja kwa moja kwenye mtaro.

Hesabu yake ni rahisi na kila mwenye nyumba angeifanya kabla ya kununua chochote. PPR ya milimita 25 ya daraja la PN20 ina uwazi wa milimita 16.6 ndani, hivyo kila mita inabeba lita 0.22. Mita 20 ni lita 4.3. Lakini bomba lenyewe linanyonya joto la maji ya kwanza, kwa hiyo zidisha kwa moja na nusu: karibu lita 6.5 zinamwagwa kabla maji ya kuogea hayajafika. Shawa inayotoa lita 6 kwa dakika itakusubirisha zaidi ya dakika moja. Koki za maji moto zikifunguliwa mara sita kwa siku bomba likiwa limepoa, ni karibu lita 40, au lita 1,200 kwa mwezi. Kwa anayenunua maji ya boza wakati wa mgao, hilo ni tangi zima la lita 1,000 na zaidi.

Pampu ya kuzungusha inaondoa kusubiri huko kwa kurudisha maji yaliyopoa kwenye hita badala ya kuyaacha yamwagike. Tunayoipima hapa ni Grundfos COMFORT ya kizazi cha PM, ya kampuni ya Denmark, ile yenye mfumo wa AUTOADAPT unaojifunza wenyewe saa za matumizi ya nyumba. Ipo katika sura mbili: UP 15-14 BA PM, ambayo ni pampu tupu, na UP 20-14 BXA PM, ambayo inakuja na vali ya kufungia na vali ya njia moja ndani yake. Mwili wake ni shaba nyeupe, inavyotakiwa kwa maji ya kutumia nyumbani. Pampu ya mwili wa chuma cha kawaida itapata kutu na kuyatia maji rangi. Inatumia umeme chini ya wati 10. Ukiiacha ikizunguka saa 24, haifikishi hata robo ya uniti.

Na hapo ndipo wauzaji wengi wanapomaliza maelezo, ilhali gharama kubwa haiko kwenye umeme wa pampu. Iko kwenye joto linalopotea bombani.

Chukua mzunguko wa mita 40, yaani mita 20 za kwenda na 20 za kurudi. Weka maji ya nyuzi 52 ndani na hewa ya nyuzi 22 nje. Bomba tupu la PPR la milimita 25 linapoteza takriban wati 19 kwa kila mita. Likivikwa sponji nyeusi ya unene wa milimita 13, upotevu unashuka hadi karibu wati 8. Mzunguko wote ukiwa mtupu unamwaga karibu wati 760, ukiwa umevikwa ni kama wati 310. Sasa linganisha na hita yenyewe: lita 200 zilizopashwa kwa nyuzi 30 zina uniti 7 za joto, basi. Mzunguko usiovikwa ukiachwa usiku na mchana ungehitaji uniti 18 kwa siku kubaki kwenye nyuzi hizo. Maana yake utaamka saa 12 asubuhi tangi limeshapoa, na jua lote la jana limeishia ukutani. Kama hita ina kipashio cha umeme cha akiba, thamostati itakiwasha usiku na utaliona jambo hilo kwenye Luku au kwenye tokeni kabla ya kuliona kwenye maji. Hata mzunguko uliovikwa vizuri, ukiachwa saa 24, unakula uniti 7 na nusu, sawa na tangi zima.

Ndiyo maana hukumu yetu juu ya pampu hii inategemea zaidi namna unavyoiamrisha kuliko pampu yenyewe.

Ina namna tatu za kufanya kazi, zinazochaguliwa kwa kitufe kilicho juu yake. Ya kwanza ni kuzunguka bila kusimama. Kwa nyumba ya sola, usiitumie bila taima ya kuizima; peke yake inafaa tu wakati wa kutoa hewa na kujaribu mfumo. Ya pili ni ya kufuata joto: pampu inazunguka mpaka maji yanayorudi yafikie joto fulani, inasimama, yakipoa inaanza tena. Kwenye hita ya umeme au ya gesi yenye tangi, namna hii inakubalika. Kwenye sola ina kasoro moja kubwa. Mwezi wa Julai kukiwa na mawingu siku tatu mfululizo na tangi lina nyuzi 30 tu, maji yanayorudi hayatafikia kiwango kamwe, hivyo pampu itazunguka mfululizo ikikoroga tangi na kuchanganya maji ya moto kiasi yaliyo juu na ya baridi yaliyo chini. Kile kidogo ulichokuwa nacho kinapotea.

Ya tatu ndiyo AUTOADAPT. Kihisio kimoja kinafungwa kwenye bomba la kwenda, kingine kimo ndani ya pampu upande wa kurudi. Pampu inaangalia lini joto la bomba la kwenda linapanda, inaelewa kwamba mtu amefungua koki, na kwa muda wa wiki mbili inajenga ratiba ya nyumba. Baada ya hapo inaanza kuzungusha kabla kidogo ya saa zenu za kuoga. Kwa familia inayoamka saa ileile kila siku, watoto wa shule na watu wa ofisini, inafanya kazi vizuri kweli. Kwa nyumba ya wageni wa mara kwa mara, au ya wafanyakazi wa zamu, ratiba haitulii na pampu inaishia kuzunguka kupita haja. Zaidi ya hapo, kihisio kisifungwe kwenye kipande cha bomba kilicho juu ya paa. Jua la saa nne asubuhi linapasha bomba hilo, na pampu inaweza kulisoma kama mtu anayeoga. Kifunge ndani ya nyumba, mahali penye kivuli, chini ya sponji.

Tunachopendelea kwa nyumba ya sola ni njia ya nne ambayo haipo kwenye pampu: kitufe. Weka namna ya kuzunguka mfululizo, kisha umeme wa pampu upitie kwenye swichi ya taima ya dakika tatu, ile inayotumika kwenye taa za ngazi za maghorofa, iliyofungwa nje ya mlango wa bafu. Unabonyeza, unapiga mswaki, maji yamefika. Kwa bomba la kurudi la milimita 20 na mzunguko wa mita 40, pampu hii inasukuma takriban lita 3 kwa dakika, hivyo zile lita 6.5 za kupasha bomba la kwenda zinazunguka kwa dakika mbili hivi. Joto linalopotea ni lile la kujaza bomba tu, kama uniti 0.15 kila mara, kiasi kilekile ambacho kingepotea hata bila pampu. Unachookoa ni maji na muda, wala sola hailipi chochote cha ziada.

Kama hutaki kitufe, tumia taima ya saa: kuanzia saa 11 na nusu alfajiri hadi saa 1 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Usinunue ile ya gurudumu la plastiki linalozungushwa na umeme. Umeme ukikatika kwa saa tatu, nayo inachelewa saa tatu, na kesho yake pampu itazunguka wakati kila mtu ameshaondoka. Nunua ya kidijitali yenye betri ndani.

Lazima tuseme pia pampu hii haifanyi nini. Haiongezi presha. Nguvu yake ya kusukuma ni mita moja na kidogo ya maji, inayotosha kushinda msuguano wa bomba kwenye mzunguko uliofungwa, na si zaidi. Kama shawa inatoa maji kiduchu kwa sababu tangi la juu liko mita mbili tu juu yake, hiyo ni kazi ya pampu ya presha, na ni mashine nyingine kabisa. Kinyume chake pia ni kosa tunalokutana nalo: fundi anafunga pampu ya presha ya wati 120 kuzungusha maji moto. Inapiga kelele, inakula umeme, na mwendo wake wa kasi unasugua viungo vya bomba.

Sasa ufungaji. Bomba la kurudi ni PPR ya milimita 20, linaanzia kwenye kiungo cha T karibu na bafu la mwisho na kurudi hadi kwenye bomba la maji baridi linaloingia kwenye hita. Kuanzia mzunguko hadi kwenye koki usizidishe mita 2. Kipande hicho hakizungushwi, na kwa PPR ya milimita 20 mita 2 ni lita 0.27, zinazotoka kwa sekunde tatu. Nyumba yenye mabafu mawili ipitishwe mzunguko mmoja unaogusa bafu la kwanza kisha la pili. Ukigawa matawi mawili yanayorudi pamoja, maji yatafuata njia fupi na bafu la mbali litabaki baridi mpaka ufunge vali ya kusawazisha kwenye kila tawi.

Pampu ikae mahali pa chini, kwenye bomba la kurudi linalopanda kwenda paani: stoo ya chini ya ngazi au ndani ya dakti la mabomba ni mahali pazuri. Mshale ulio kwenye mwili uelekee juu, na ekseli ya mota iwe imelala, isisimame wima. Mafundi wengi huipachika juu kabisa karibu na tangi kwa kuwa ndiko kwenye nafasi, na huko ndiko hewa inakokusanyika. Pampu hizi hulainishwa na maji yanayopita ndani yake. Ikizunguka na hewa inalia, kisha beringi inakwisha. Weka vali ya kufungia kila upande ili siku ya kuisafisha usimwage tangi zima.

Vali ya njia moja si hiari. Bila hiyo, mtu akifungua shawa, maji baridi yaliyo kwenye kiungo cha hita yanateremka kinyume kupitia bomba la kurudi na kukutana na maji moto shawani. Dalili yake ni maji yanayoanza moto na kugeuka vuguvugu baada ya sekunde chache, ingawa tangi limejaa joto. Ukiona hivyo, usilaumu hita. Angalia vali hiyo, mara nyingi imefungwa kinyume au ina kipande cha plastiki kilichokwama. BXA inayo ndani. Kwa BA nunua ya shaba yenye springi nyepesi ya nusu inchi, kwa sababu springi nzito itaila nguvu yote ya pampu ndogo kama hii.

Kuchomelea PPR kunahitaji uangalifu kuliko inavyodhaniwa. Pasi iwe nyuzi 260. Bomba la milimita 20 lipashwe sekunde 5 na la milimita 25 sekunde 7, kisha sukuma moja kwa moja bila kuzungusha na ushikilie mpaka litulie. Fundi akipasha sekunde 12 na kusukuma kwa nguvu, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kuziba nusu ya uwazi. Kwa presha ya bomba la mtaa hutaligundua. Kwa pampu yenye nguvu ya mita moja, viungo vinne vya namna hiyo vinatosha kuusimamisha mzunguko. Kata kiungo kimoja cha majaribio katikati na ukiangalie kabla kazi haijaanza. Utajua fundi wako ni wa aina gani.

PPR pia inarefuka. Mita 10 zikipanda nyuzi 40 zinaongezeka karibu milimita 60 kama ni bomba la kawaida. Tumia lenye utepe wa nyuzi za kioo katikati, linalorefuka chini ya theluthi ya hapo, au acha kona ya kupumulia kwenye mistari mirefu.

Kabla ya kufunga pampu, suuza bomba lote mpaka maji yatoke safi. Vumbi la plastiki na mchanga wa ujenzi ndivyo vinavyokwamisha rota siku ya kwanza. Jaza, fungua koki ya moto iliyo mbali zaidi mpaka mapovu yaishe, ndipo uwashe. Plagi iwe na fyuzi ya ampea 3, si 13. Na kwa nyumba yenye mgao wa maji, ongeza swichi ya flota ndani ya tangi la juu inayokata umeme wa pampu tangi linapokaribia kuisha. Ni nyongeza ndogo ambayo hatujaiona kwenye maelekezo ya kiwandani, lakini hapa kwetu ndiyo inayoamua kama pampu itadumu.

Sola ina joto kali mchana. Tangi likifika nyuzi 80, chokaa kwenye maji ya kisima inaganda haraka ndani ya pampu; ukivuka nyuzi 65 kasi ya kuganda inapanda sana. Tiba ni vali ya kuchanganya kwa thamostati kwenye tundu la kutokea la hita, ikipunguza hadi nyuzi 55 au 60, jambo linalowakinga pia watoto wasiungue. Angalia hapa, maana wengi wanakosea: ukishaweka vali ya kuchanganya, bomba la kurudi lazima ligawanyike, tawi moja kwenda kwenye hita na jingine kwenye mlango wa baridi wa vali hiyo. Likirudi kwenye hita peke yake, wakati hakuna anayetumia maji vali haina baridi ya kuchanganya, na mzunguko wote unapanda hadi joto la tangi.

Kushusha joto kusivuke mpaka. Maji yanayokaa siku nzima kwenye nyuzi 30 hadi 45 ni makazi mazuri ya Legionella, bakteria wanaoleta ugonjwa wa mapafu. Tangi lifikishwe nyuzi 60, na mzunguko ukifanya kazi maji yanayorudi yasiwe chini ya nyuzi 50.

Vipi kuhusu hita za bei nafuu za mirija ya kioo zisizo na presha, zenye kitangi kidogo cha flota pembeni? Inawezekana, lakini bomba la kurudi likiunganishwa kati ya kitangi na hita bila vali nyingine ya njia moja, maji moto yanapanda kwenye kitangi na kumwagikia paani. Nyingi hazina tundu la ziada. Kwa hita hizo hatuipendekezi.

Kuna pia seti za Marekani zisizohitaji bomba la kurudi, kama Watts 500800: pampu inakaa kwenye hita, na chini ya sinki la mwisho kunafungwa vali inayopitisha maji yaliyopoa kwenye bomba la baridi, ikijifunga maji yanapofika kama nyuzi 37. Wazo ni zuri kwa nyumba iliyokwisha kupigwa lipu. Ila pampu yake ni ya volti 115 na hezi 60. Ukiichomeka kwenye volti 240 imeungua. Na vali hiyo inadai presha ya moto na ya baridi iwe sawa. Nyumba zetu nyingi zina koki ya baridi ya jikoni inayotoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa na maji moto yanayotoka kwenye tangi la juu. Hapo baridi yenye presha kubwa itajipenyeza kwenye moto kupitia vali, na bafu litapoa badala ya kupata joto. Hata presha ikiwa sawa, koki ya baridi itatoa vuguvugu kwanza, na wengi hunywa au kuchuja maji ya koki hiyo.

Nani aiache kabisa COMFORT? Mwenye shawa ya umeme inayopasha papo hapo, maana haina bomba refu la kusubiri. Mwenye hita ya gesi isiyo na tangi, kwa kuwa nyingi huhitaji lita 2 hadi 3 kwa dakika ndipo ziwake, na mzunguko huu uko mpakani mwa hapo. Mwenye bomba la chini ya mita 8. Na mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ambaye maji yake ya baridi tayari yana nyuzi 27. Kama tatizo ni sinki la jikoni peke yake, hita ndogo ya umeme ya lita 10 chini ya sinki ni kazi ya nusu siku na haihitaji kubomoa ukuta.

Kwa anayejenga sasa hivi, pitisha bomba la kurudi na sponji yake kabla ya lipu hata kama pampu utanunua mwakani. Mita 20 za PPR ya milimita 20 na viungo vyake ni sehemu ndogo sana ya gharama ya mabomba. Acha ncha mbili zimefungwa kwa kofia, moja stoo na nyingine paani, weka soketi ya umeme jirani, na mwambie fundi aandike kwa rangi ukutani ipi ni ya kurudi.